Barabara Iliyompisha Mama Mkwe

Nyinyi vijana mnaokuja kuniuliza kazi ya barabara ilikuwaje wakati wa Mwingereza, mnakuja na kalamu mkitegemea niwape maelezo yaliyonyooka. Nawahurumia. Niliingia kazi hiyo kijana, nikaiacha mgongo umeshapinda, na hadi leo kuna siku nakaa najiuliza ile kazi ya mwanzo kabisa ilikuwa ya nini. Nimewauliza wakubwa wote niliowahi kuwa chini yao. Kila mmoja alinijibu, na sijapata majibu mawili yaliyofanana.

Kwetu ni Salale, ndani ya mikoko, pale mto Rufiji unapoingia baharini. Baba alikata boriti, babu alikata boriti, nami nilipoweza kunyanyua shoka nilikata boriti. Hatukujua nani anazitumia huko ziendako. Vyombo vilikuja, vikapakia, vikaondoka. Kisha vikaacha kuja. Magome nayo, tuliyokuwa tukiyabandua kwa ajili ya watu wanaotia ngozi rangi, yakaoza kwenye marundo. Wengine walisema kuna vita mahali. Wengine walisema Wazungu wamegombana wao kwa wao juu ya fedha. Jirani yetu mmoja alishikilia kwamba watu wa Uarabuni wameacha kujenga nyumba. Mimi ni mbishi tangu udogo, nikamuuliza, "Wote wameacha siku moja?" Akanifukuza barazani kwake.

Kodi haikuacha kuja. Asiyekuwa na fedha ya kodi aliambiwa akailipe kwa mikono yake, barabarani. Basi nikapanda mtumbwi kutoka Salale, mtu ambaye hajawahi kuhitaji barabara maishani mwake, nikaenda kujenga barabara.

Ilikuwa inashuka kutoka upande wa Kibiti kuingia bonde la Rufiji. Kule juu kwenye mchanga kazi ni nyepesi, unafyeka, unang'oa visiki, unapita. Tabu ni bondeni. Bonde lile hufurika kila mwaka, na watu wake hawayaogopi mafuriko, wanayangoja, kwa sababu ndiyo yanayolisha mpunga. Nyumba zao za shamba ni madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, maji yakapita chini na watu wakalala juu. Katika bonde hilo tuliambiwa tujenge tuta, na juu ya tuta tupitishe barabara.

Siku ya kwanza tu nikauliza, "Maji yakija yatapita wapi?"

Mnyapara wetu, Mzee Mtulia, Mmatumbi mfupi mwenye kofia iliyokwisha rangi, akanitazama. "Wewe wa Salale, umekuja kuchimba au umekuja kuuliza?"

"Kuchimba, mzee."

"Chimba."

Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu wa kazi. Nitamsema vibaya humu, lakini tuta langu lolote lililosimama limesimama kwa sababu yake. Alinifundisha kupima udongo kwa kiganja. Chukua bonge, lifinye kama tonge, lizungushe liwe kama kidole. Likikatika mapema lina mchanga mwingi, litabebwa na maji. Likinata mkononi halitoki, nalo halifai peke yake, jua litalipasua. Unataka lile linalopinda taratibu bila kukatika. Alinifundisha pia kwamba udongo haumwagwi wote mara moja. Unatandaza kidogo, unashindilia kwa gogo, unatandaza tena. Vijana wa siku hizi mna mashine inayotetemesha ardhi mpaka vikombe vinaanguka kabatini, lakini naona bado mnamwaga kifusi chote kwa pamoja kisha mnapita juu yake. Juu panakuwa pagumu, ndani ni uji. Msinikasirikie, nakaa karibu na barabara na naona.

Pale penye matope mazito Mtulia aliagiza tulaze boriti, zipangwe kukingama kama vijiti vya chanja, ndipo udongo upandishwe juu yake. Boriti zikatoka wapi? Salale. Zile zile zilizokosa mnunuzi. Nilifurahi siku ya kwanza, kisha furaha ikaniishia. Nilikuwa nazika matopeni kazi ya baba yangu.

Mtulia akaamuru zifungwe chelezo, zielee, zivutwe na mitumbwi. Mimi nilijua boriti mbichi ya mkoko huzama. Lakini hizi zilikuwa zimekaa juani muda mrefu, nikaanza kujitilia shaka mwenyewe: labda zitaelea? Nikanyamaza. Chelezo likafungwa vizuri sana, kamba mpya. Likasukumwa majini, likaenda chini lote kwa pamoja, bila haraka, kama mtu anayekaa kitini.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Ngwele. Huyu Ngwele ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu. Alikuwa Mndengereko wa hapo hapo bondeni, amenikaribisha kwenye dungu la wakwe zake alikohamia baada ya kuoa, na nilikuwa nikila sahani moja naye. Yeye na Mtulia walikuwa watani, Mndengereko na Mmatumbi, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ambayo sisi wengine hatukuwa nayo.

"Mtani," alimwambia mnyapara, "kumbe Wamatumbi mnafuga boriti majini kama kambare!"

"Nyamaza, mla panya wewe. Ingia ukazitoe."

"Nikazitoe? Acha zizae kwanza."

Tukaingia wote tukazitoa. Baada ya hapo tulizipakia mitumbwini, chache chache, na Mtulia hakulizungumzia tena.

Sasa nije kwenye shamba, maana ndilo lililonifanya nisiielewe kazi hii maisha yangu yote.

Mama mkwe wa Ngwele, Bi Mwanahawa, alikuwa na shamba la mpunga bondeni, pale pale palipopangwa barabara ipite. Si kubwa. Lakini mwaka ule lilikuwa ndilo kila kitu. Pamba waliyovuna mwaka uliopita walirudi nayo kutoka mnadani Mohoro, kwa sababu wanunuzi hawakufika. Dukani hakuna cha kukopa. Watu wote wa dungu lile, yeye, binti yake Zena aliyeolewa na Ngwele, wajukuu, Ngwele mwenyewe, na mimi mgeni, tulikuwa tunakula kutoka kwenye shamba lile moja. Likifukiwa, hatuna pengine.

Lazima niwaeleze desturi, maana nyinyi siku hizi mnakaa na wakwe zenu meza moja mnatazama televisheni. Kule na wakati ule, mwanamume hakumwangalia mama mkwe wake usoni. Hakula mbele yake, hakumtaja jina. Wakikutana njiani, mkwe mume anatoka njiani, anaingia majanini, anainamisha kichwa mpaka mama apite. Wakiwa na jambo la lazima, husemeshana kupitia mtu mwingine. Mtu mwingine asipokuwepo, husemesha kitu. Mimi wa Salale niliona ni mambo ya ajabu, nikamwuliza Ngwele ni kwa nini. Akasema, "Kwa sababu ni mkwe." Hilo ndilo jibu nililopata.

Mafuriko ya mwaka ule yalikuwa yamebeba vigingi vyote vya kuonyesha njia. Maji yaliposhuka, akaja Mzungu wa barabara kuvipigilia upya. Tulimwita Bwana Kamba kwa vile hakuachana na kamba yake ya kupimia. Alisimamisha darubini yake ya miguu mitatu upande wa mchangani, akampa Ngwele mlingoti mrefu wenye kitambaa chekundu kileleni, akamwambia aende mbele bondeni, asiushushe hata kidogo. Mimi nilimfuata Ngwele na nyundo na mzigo wa vigingi. Kila aliposimika mlingoti, nilipigilia kigingi. Matete yalikuwa marefu kutupita, Bwana Kamba hakuwa akituona sisi, aliona kitambaa tu. Mtulia alisimama katikati, kazi yake ni kupokea sauti ya bwana na kututupia sisi.

Tulikwenda vizuri. Kisha matete yakaisha, tukatokea kwenye mpunga, na mbele yetu, kwenye mstari ule ule, Bi Mwanahawa alikuwa ameinama akikata masuke kwa kisu kidogo.

Ngwele akageuka kushoto papo hapo. Kichwa chini, mlingoti juu.

"Kulia!" sauti ya Mtulia ikaja. "Bwana anasema kulia!"

"Kulia hakupitiki!" Ngwele akajibu.

"Kuna nini?"

"Kuna mkwe!"

Nadhani Mtulia alikuwa anatafuta namna ya kumwambia Mzungu. Ngwele akasimama kungoja mama apite, na kwa kuwa mlingoti ni mzito akausimika chini. Nami nimeambiwa, ukisimikwa, pigilia. Nikapigilia. Mama hakuondoka. Ngwele akaenda mbele kidogo, akangoja tena, nikapigilia tena. Tulilizunguka shamba lote namna hiyo, mpaka tukamwacha mama nyuma na kurudi kwenye mstari. Wakati wote huo yeye hakuinua mgongo. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mwanamke akimwona mkwewe yuko kazini, kwa kawaida husogea, ili naye asimpe tabu. Huyu hakusogea. Sijui kama hakutuona.

Mtulia alikuja baadaye akavitazama vigingi, akavua kofia, akaivaa. "Kesho bwana ataviona mwenyewe," alisema. Lakini kesho yake Bwana Kamba alishikwa na homa, akabebwa kupelekwa Utete. Amri aliyoacha ilikuwa moja: fuateni vigingi. Tukafuata vigingi. Tuta likapanda, likashindiliwa vizuri, nawaambia, lile lilikuwa tuta zuri, na katikati yake likawa na tumbo.

Bwana Kamba aliporudi, mwembamba na wa manjano, alisimama juu ya tuta akatazama. Akafunga jicho moja, akatazama tena.

"Nani amepinda barabara yangu?"

"Tumefuata vigingi, bwana," akasema Mtulia.

"Nani alipigilia vigingi?"

"Mimi, bwana," nikasema. "Palipowekwa mlingoti."

Akamgeukia Ngwele. Ngwele akasema, "Nilikuwa nampisha mkwe."

"Barabara haimpishi mkwe!"

"Haimpishi, bwana," Mtulia akasema kwa upole. "Lakini mbeba mlingoti humpisha."

Akaamuru tuta libomolewe palipopinda, linyooshwe, lipite shambani. Hapo ndipo nilipomwona Ngwele, mtu wa mzaha kila saa, akigeuka kuutazama mpunga. Sehemu ya mpunga ilikuwa bado haijakatwa. Na hata uliokwisha kukatwa, shamba lenyewe likiwa chini ya tuta, mwaka utakaofuata tutakula nini? Nani atamwambia mama? Yeye hawezi kusema naye. Mimi mgeni. Zena alisema yeye hatamwambia mama yake maneno ya kumuua.

Bwana Kamba akasema atamwambia mwenyewe. Hilo sikulitegemea, nalikiri kwa faida yake.

Tukaenda mpaka chini ya dungu. Bi Mwanahawa alikuwa juu, ameketi ukingoni. Kiswahili alikijua, nilikuwa nikimsikia kila siku. Siku hiyo hakukijua. Kila alichosema Bwana Kamba alitikisa kichwa na kujibu Kindengereko. Mtulia angeweza kutafsiri, kwani Kimatumbi na Kindengereko ni jirani, lakini bwana alitaka mtu wa nyumba ile. Akamsukuma Ngwele mbele.

Ngwele akampa mama mgongo, akasimama uso kwa uso na nguzo ya dungu. "Wewe nguzo," akaanza.

Bwana Kamba akaninong'oneza, "Nguzo ni jina lake?"

"Hapana, bwana. Nguzo ni nguzo."

Maneno yakaanza kwenda, Mzungu kwa Ngwele, Ngwele kwa nguzo, na mama akaijibu nguzo. Mtulia alikuwa ananitafsiria pembeni. Mama aliuliza: "Nguzo, muulize mgeni, hiyo barabara itabeba nini?"

"Pamba," akasema Bwana Kamba. "Boriti. Mpunga."

"Pamba yangu imo ndani, wajukuu wanailalia. Boriti nasikia mmezizika matopeni. Mpunga ndio huu mnaotaka kuufukia. Itabeba nini?"

Bwana Kamba akafikiri. "Watu. Itapitisha watu."

"Watu gani? Wote wako hapa wanachimba."

Hakuna aliyecheka, hata Ngwele. Bwana Kamba alijifuta shingo. Nilimtazama sana, kwa sababu nilikuwa na swali lile lile tangu siku niliyopanda mtumbwi, na nilidhani sasa tutapata jibu. Akasema, "Mwambie hivi. Hatutagusa shamba likiwa na chakula. Siku shamba likiwa tupu, tunanyoosha."

Ngwele akaiambia nguzo. Ila aliiambia maneno mengi kuliko yale. Mama akajibu neno moja. Ngwele akageuka akasema, "Amekubali." Nilipomuuliza jioni hiyo amekubali nini hasa, aliniambia, "Sikumwangalia, nitajuaje?"

Mtulia alikuwa mtu wa amri. Kazi ya tuta ikasonga mbele kuelekea mtoni, lakini kila asubuhi kabla ya kugawa majembe alipita shambani kwa Bi Mwanahawa kuangalia kama limekuwa tupu. Halikuwa tupu. Pale alipokata mpunga, kwenye unyevu ulioachwa na maji, mama alikuwa ameshapanda mlau, ndiyo mazao ya baada ya mafuriko: kunde, mahindi, maboga, na mistari ya pamba. Mpunga ulipokwisha kulikuwa na kunde. Kunde zilipokwisha kulikuwa na mahindi.

"Leo lina nini?" Ngwele alikuwa akimwuliza.

"Maboga."

"Ukiyaona matupu utaniambia, mtani."

Sijui kama Bwana Kamba alifahamu kwamba mashamba ya kule hayakai matupu. Huenda huko kwao wakivuna wanaacha. Huenda alifahamu vizuri sana na akasema vile kusudi. Nimewahi kuamini yote mawili, wakati mwingine katika siku moja.

Ikabaki pamba. Imefunguka, nyeupe, na hakuna mwenye haja ya kuichuma kwa kuwa hakuna wa kuinunua. Mtulia akasimama mbele yake akiwa ameshika kofia. Pamba si chakula. Je, shamba lenye pamba isiyochumwa ni tupu? Siku hiyo hiyo akapita bwana shamba, karani wa kilimo, na amri yake kutoka huko huko serikalini: kila mtu apande, asibaki na kipande cha ardhi kitupu, mwenye kuacha ardhi tupu atashtakiwa. Mtulia akamwambia kwamba bwana wa barabara anataka shamba hili liwe tupu. Bwana shamba akasema likiwa tupu mwenye shamba atashtakiwa. Mtulia akauliza amri ipi iko juu. Bwana shamba akasema zote mbili zimetoka juu.

Nilimwona mzee yule akikaa chini, juu ya tuta, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Wewe wa Salale," aliniambia, "zamani ulikuwa unauliza. Uliza sasa."

Nikaketi naye.

Kabla hajaamua, Bi Mwanahawa aliichuma pamba, akaongeza godoro la wajukuu, akang'oa miche, na mvua za kwanza zilipotia giza udongo akamwaga mbegu za mpunga.

Maji yakaja kwa wakati wake. Yalikuja kimya, kama kawaida ya Rufiji, asubuhi ukashuka ngazi ukakuta ngazi ya chini haipo. Tuta lilisimama siku kadhaa, likageuka mstari mwekundu juu ya maji, kisha likakatika. Halikukatika penye kona. Lilikatika mahali palipokuwa pamenyooka kabisa, ambapo hakuna mtu aliyewahi kubishana. Msiniulize sababu. Mhandisi mmoja alinieleza baadaye kwa mchoro, akaja mwingine akaufuta ule mchoro. Mpunga wa mama ulikuwa unapanda pamoja na maji, kila siku ncha zake zikitokeza juu.

Mchana mmoja Mtulia alitufikia kwa mtumbwi. Aliufunga chini ya dungu, akaita bila kupanda.

"Shamba la mama lina nini?"

Ngwele, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta ili asionane na mkwe, akajibu, "Lina maji, mtani. Na ndani ya maji lina mpunga."

"Basi bado," akasema Mtulia, naye akatulia kama mtu aliyetua mzigo.

Bi Mwanahawa akamwita apande. Akamwekea wali wa mavuno yaliyopita na kambare, akampa na maji ya kunawa. Alikula polepole, akiutazama ule mpunga uliokuwa ukitikisika juu ya maji. Akatuambia Bwana Kamba amehamishwa, na mwingine yuko njiani.

"Anataka barabara?" Ngwele akauliza kutoka nyuma ya ukuta.

"Hajasema. Amesema tu niwaambie watu kazi itaanza maji yakishuka."

Hakuna aliyemuuliza kazi gani. Zena akamwongeza wali.